Nilipeleka hela ya kikoba kwenye "kazi ya simu", sasa naambiwa nilipe ili niitoe

Shikamoo shangazi.

Naandika usiku huu, mume wangu yuko safarini na watoto wamelala. Sijamwambia mtu yeyote, na Jumamosi inakuja.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda hapa Morogoro. Mwezi wa sita rafiki yangu ninayesali naye alinionyesha kazi ya kufanya kwenye simu. Unapakua programu, unajisajili, unaweka picha ya kitambulisho cha NIDA na picha ya uso wako, halafu kila siku unapewa video kumi. Unazifungua, unabonyeza alama ya moyo, basi. Dakika saba kazi imekwisha. Ili uanze unaweka mtaji, wao wanaita ngazi. Ngazi ya kwanza ilikuwa shilingi 50,000, na kila siku unaingiziwa 1,800. Sikuamini. Lakini baada ya siku kumi nilitoa 18,000 na ikaingia kwenye simu yangu kweli. Nilinunua unga na mafuta ya kula.

Nikapanda ngazi ya 240,000, hela yangu ya kununulia vitambaa. Nikatoa 54,000, nayo ikaingia. Kwenye grupu la WhatsApp watu walikuwa wanatuma picha za miamala kila asubuhi, wengine wanamshukuru Mungu, mmoja alituma picha ya pikipiki aliyonunua. Mwalimu wetu, ndivyo tulivyomwita aliyekuwa anatuongoza, alikuwa ananipigia mwenyewe na kuniita malkia. Ukileta mtu unapewa asilimia kumi ya anachoweka. Nilimleta wifi yangu wa Ifakara, akaweka 240,000, na binti wa jirani anayeuza duka la vipodozi akaweka 50,000.

Mwezi wa nane wakasema kuna ngazi maalumu ya 860,000, nafasi chache, mwisho saa sita usiku, faida 34,000 kwa siku. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko wanawake 22. Hela kidogo hukaa kwenye sanduku, nyingine inakaa kwenye laini yangu ili wanaokopa wasisubiri. Nilichukua 600,000 humo, nikaongeza 260,000 yangu. Nilipiga hesabu kwamba ndani ya wiki tatu nitakuwa nimeirudisha na hakuna atakayejua.

Sasa hivi kwenye akaunti panasomeka 2,970,000. Nikibonyeza kutoa inaandika "inashughulikiwa". Siku ya nne mwalimu akasema serikali imeweka kodi, kila mwanachama alipe 150,000 ndipo akaunti ifunguliwe. Nililipa, kwenye namba iliyokuja na jina la mtu nisiyemjua. Kesho yake grupu likafungwa, wanaoweza kuandika ni wao tu, na mwalimu hapatikani.

Niliandika uchungu wangu kwenye ukurasa mmoja Facebook. Haikupita saa moja akanifuata inboksi kaka mmoja, anasema ni mtaalamu wa usalama wa mitandao, anafanya kazi na polisi, ameshawarudishia wengi hela zao. Ametuma kitambulisho na picha akiwa amevaa sare. Anataka 185,000 ya kufungulia mfumo, halafu hela yote irudi ndani ya saa 24. Hiyo 185,000 nimeshapata pa kuikopa, ile mikopo ya kwenye simu.

Shangazi, nimlipe? Mume wangu nimwambie nini? Na Jumamosi ni kikao cha hesabu, nimewaza niseme simu iliibiwa. Hisa zangu kwenye kikoba ni 380,000. Siwezi hata kula.

Mweka hazina, Morogoro

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma: yule kaka usimtumie hata shilingi, na huo mkopo usiuchukue. Halafu mpigie wifi yako Ifakara, hata kama ni usiku, na asubuhi uvuke uende kwa binti wa vipodozi. Kama wewe ulidaiwa kodi, na wao wamedaiwa, au watadaiwa kesho. Katika mambo yote uliyoniandikia, hela ambayo bado inaweza kuokolewa yote ni ile iliyomo kwenye mikoba yao. Waambie neno moja tu: wasilipe chochote ili watoe. Lawama watakazokupa utazipokea baadaye.

Umeshawapigia? Haya, tuendelee.

Umeniuliza kama umlipe huyo mtaalamu, na nadhani jibu ulishalijua, ndiyo maana uliandika badala ya kutuma. Tazama vitu viwili alivyofanya mwalimu na alivyofanya huyu. Mwalimu alisema una 2,970,000, toa kwanza 150,000 ndipo uipate. Huyu anasema hela yako ipo, toa kwanza 185,000 ndipo uipate. Ni ombi lilelile limevaa nguo nyingine. Kama kweli ndani ya akaunti kuna karibu milioni tatu, kwa nini hiyo kodi isikatwe humohumo? Mshahara wa mwalimu wa shule unakatwa kodi kabla haujamfikia. Hakuna mwezi anaoambiwa alete kodi mfukoni ndipo apewe mshahara. Na malipo ya serikali siku hizi yana kontroli namba. Kodi haiendi kwenye laini ya mtu binafsi.

Ukitaka kumjua huyo kaka, ingawa mimi ningependa umbloku tu, mwambie: "Sina hela, rudisha kwanza halafu ujikatie humo hiyo 185,000 yako, hata laki tatu." Atakuwa na sababu kumi za kukataa, na zote zitaishia pale pale, tuma kwanza. Polisi wa Tanzania hawakulipishi ili wapeleleze kesi yako. Kitambulisho na sare ni picha, na picha inatengenezwa na yeyote mwenye simu. Kilichomleta kwako ni yale maandishi yako ya Facebook. Watu hawa wanapita kwenye kurasa wanatafuta walioandika "nimetapeliwa", kwa sababu mtu aliyepoteza juzi ana hofu, ana haraka, na ameshaonyesha kwamba ana njia ya kupata hela. Mara nyingine ni kundi lilelile lililokula mwanzo, linarudi na jina jipya likiwa na namba yako na kiasi ulichoweka.

Sasa nikueleze ulivyoingizwa, maana naona umejibebesha lawama ambayo si yako yote.

Watu watakwambia tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi sikuoni hivyo. Ulifanya kile ambacho mtu mwangalifu hufanya: uliweka kidogo, ukasubiri, ukatoa, ukaona hela imeingia, ndipo ukaongeza. Tatizo ni kwamba hilo jaribio lako lilikuwa sehemu ya mtego. Ile 18,000 uliyonunulia unga, na ile 54,000, vilikuwa chambo, na gharama yake walishaipigia hesabu. Wewe ulitoa 72,000. Ulipeleka 50,000, na 240,000, na 860,000, na 150,000 ya hiyo kodi. Hiyo ni milioni moja na laki tatu. Toa ulichopata, umepoteza 1,228,000. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi. Ile 2,970,000 inayosomeka kwenye akaunti usiiandike popote, haijawahi kuwepo. Ni tarakimu zilizochapwa kwenye kioo cha simu ili ukiiwaza usilale na ukidaiwa kidogo uone kidogo hicho si kitu.

Na hizo 1,800 na 34,000 zilikuwa zinatoka wapi? Wewe ni fundi. Unajua gauni moja la kitenge linakula muda gani mpaka lipigwe pasi na mteja alipe 20,000, tena wengine wanalipa nusu. Mtu gani duniani ana sababu ya kukupa 34,000 kwa kubonyeza moyo mara kumi? Chukua watu 200 tu wa ngazi yako. Kwa siku moja wangehitaji kulipwa 6,800,000. Kwa mwezi, milioni 204. Moyo wa video haumuingizii mtu yeyote hela ya namna hiyo. Kilichokuwa kinakulipa ni hela ya aliyejiunga baada yako, na hela ya wifi yako ilimlipa aliyemtangulia. Ndiyo maana walikuwa tayari kukupa asilimia kumi kwa kila kichwa. Video zilikuwa za kuwashughulisha vidole.

Jambo hili si geni kwetu. Wenye umri wangu tunakumbuka DECI. Kule hakukuwa na simu janja wala video. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na wakingoja muda wao "wanavuna". Waliovuna mapema walivuna kweli, wakawa mashahidi wazuri kuliko tangazo lolote, na serikali ilipoingilia kati 2009 kuna wanachama walioikasirikia serikali badala ya waliochukua hela zao. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu, na 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani. Mwanzoni mwa 2025 ikaja LBL, watu wanaweka mtaji na kupewa kazi ya kutazama video kwenye simu, bila leseni ya Benki Kuu, na polisi wakaanza kukamata. Majina yanabadilika, na kila linapokufa moja wanabadilisha rangi ya programu na kurudi na neno jipya la kupanda ngazi.

Nisisitize hapa, maana neno upatu linatuchanganya. Mchezo wenu wa kina mama, ule wa kijumbe, nao wengine wanauita upatu, lakini pale kila mtu anamjua mwenzake, hela inayozunguka ni ileile iliyowekwa, na hakuna anayeahidiwa kupata zaidi ya kilichochangwa. Kikoba chenu kinapata faida kwa riba ambayo nyinyi wenyewe mnalipa mkikopa, na mnaiona kwenye daftari. Ukiulizwa hela ya kikoba inatoka wapi, una jibu la sentensi moja. Kwa ile programu hukuwa na jibu hilo, na aliyekuleta hakuwa nalo pia.

Rafiki yako wa kanisani usimchukie. Alikuleta kwa moyo ule ule uliomleta nao wifi yako. Ndiyo sababu wanapenda kuingia kupitia kanisani, msikitini, kwenye vikoba na koo: tunamwamini mtu, halafu tunaihamishia ile imani kwenye kitu alichotuonyesha, ambacho hata yeye hakijui.

Kabla sijaanza kujibu barua nilikaa miaka tisa kwenye kibanda cha wakala. Nimeona mengi pale dirishani, na mawili sijayasahau. La kwanza, mama mmoja alikuja kuweka laki mbili na nusu, simu iko sikioni, anaitikia tu "ndiyo, ndiyo, bado niko kwenye foleni". Nilimwona hana amani. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne, nikamhudumia haraka nikamwachia njia. Jioni alirudi analia, alikuwa ameituma yote kwa mtu aliyejifanya ni wa huduma kwa wateja, eti laini yake inafungwa. Sikumuuliza swali hata moja mwanamke yule, na hilo linanisumbua mpaka leo.

La pili lilikuja miezi michache baadaye. Mzee, kofia mkononi, laki tatu zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Simu sikioni. Safari hii nilichukua kipande cha risiti nikaandika: "Ni nani huyo?" nikakigeuza upande wake. Akachukua kalamu, mkono unatetemeka, akaandika: "Daktari. Mwanangu kaanguka shuleni. Nisikate." Nikaandika: namba ya mwanao? Akaiandika kutoka kichwani bila kutazama popote. Nilipiga kwa simu yangu. Kijana alipokea, alikuwa bwenini, nikampa mzee asikilize. Alikaa kwenye ndoo pale mlangoni nusu saa, hakusema kitu.

Tangu siku hiyo kuna maneno mawili nikiyasikia nasimamisha kila kitu: "usikate simu" na "usimwambie mtu". Pembeni yake naweka "mwisho leo saa sita usiku", kama ulivyoambiwa wewe. Wanaogopa ile dakika moja ambayo utageuka na kumwambia mwenzako, kwa sababu mwenzako hana joto ulilonalo wewe, na atauliza swali la kijinga ambalo ndilo lenye akili. Ukiniuliza mimi, ningeweza kukupa dalili ishirini, za mchumba wa Ulaya ambaye mzigo wake umekwama uwanja wa ndege, za ajira ya Uarabuni inayodai hela ya viza kabla ya mkataba, za duka la Instagram linalouza simu kwa nusu ya bei, za rafiki anayekuomba umrudishie namba sita zilizoingia kwenye simu yako, ambazo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Lakini kila mwezi wanabuni mpya, na mwenye kukariri ya zamani anashikwa na mpya. Nenda na maswali haya mawili tu: je, ninaambiwa nitoe hela ili nipewe hela? Na je, ninaharakishwa nisimuulize mtu? Yakikutana hayo mawili, weka simu mfukoni uende ukachote maji.

Tuje kwenye ya kufanya sasa.

Najua unatamani kuifuta ile programu na grupu lake usilione tena. Usifute, bado. Humo ndimo ushahidi ulimo. Piga skrinshoti za akaunti yako, za maelekezo ya mwalimu, za namba yake na za kila namba uliyoitumia hela. Kwenye ujumbe wa miamala, andika kando tarehe, kiasi, kumbukumbu namba ya muamala na jina lililotokea. Muombe wifi na yule binti nao wafanye hivyo. Kisha piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, utoe taarifa ya ile 150,000, maana ndiyo ya karibuni. Sikupi tumaini kubwa: hela ikishatolewa kwa wakala, mtandao hauna cha kurudisha. Lakini ile namba inaweza kufungiwa, na hiyo inamsaidia mwingine. Namba ya mwalimu na ya yule mtaalamu zitume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli.

Baada ya hapo nenda kituo cha polisi na karatasi zako, ufungue taarifa na upewe RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Utapeli wa namna hii uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hivyo usikubali kuambiwa haya ni mambo yenu ya kukopeshana. Ukiweza nendeni watatu pamoja, taarifa ya watu watatu wenye namba zilezile ina uzito. Sema ukweli wote, pamoja na kwamba wewe uliwaleta wengine na ukapewa asilimia. Ukificha hilo na likaja kujulikana, utageuka kutoka aliyeibiwa kuwa anayeulizwa.

Kuna la kitambulisho. Uliwapa NIDA na uso wako. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika waiondoe. Badilisha namba ya siri ya hela yako na weka ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Ukishamaliza kukusanya ushahidi, iondoe ile programu, maana sijui uliiruhusu kusoma vitu gani kwenye simu yako, na nadhani wewe pia hukumbuki.

Mkopo wa simu niseme kidogo, ingawa nimeshakukataza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ambayo hayana leseni. Ndiyo hiyo kausha damu unayoisikia. Ukichelewa siku mbili wanawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yako kwamba wewe ni mwizi. Wanawake 22 wa kikoba chako wamo kwenye simu hiyo. Usiwape hao nafasi ya kuwa wa kwanza kusema.

Na hilo linanipeleka Jumamosi.

Usiseme simu iliibiwa. Kwanza utalazimika kwenda polisi kutoa taarifa ya uongo, na ulikuwa unakwenda pale kutoa taarifa ya kweli; huwezi kushika zote mbili. Pili, wenzako wataamini kwamba hatari iko kwenye wizi wa simu, na mmoja wao, labda wiki hii hii, anaonyeshwa video kumi na mtu anayesali naye. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Usisubiri kikao pia. Jambo la namna hii likitangazwa ghafla mbele ya watu 22 linageuka kelele, na kila mmoja anasema kwa sauti asiyoweza kuirudisha. Nenda Alhamisi nyumbani kwa mwenyekiti, mwombe amwite katibu, mkae watatu. Anza na kiasi: "Nimechukua laki sita za kikoba bila idhini." Usianze na mwalimu na video. Ukianza na maelezo watasubiri waone unakwepa nini. Sema kiasi, sema ulichofanya, halafu onyesha karatasi zako, pamoja na RB. Mwisho weka mezani unavyolipa. Una hisa za 380,000 humo. Zitoe zote zifidie. Zinabaki 220,000. Kwa ufundi wako, na sikukuu ndizo hizo zinakuja na nguo za watoto, unaweza kuahidi 20,000 kila wiki. Wiki kumi na moja deni limekwisha, kabla hamjavunja kikoba mwezi wa kumi na mbili. Usiahidi 50,000 ili uonekane mwema, halafu wiki ya pili ukaja mikono mitupu.

Uweka hazina uuache wewe mwenyewe, usingoje kuondolewa. Na uwaambie viongozi kitu ambacho hata wao wana sehemu yao ndani yake: hela ya watu 22 haikutakiwa kukaa kwenye laini ya mtu mmoja. Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu kwa sababu waliotangulia walijua kwamba hata mtu mwema ana usiku wake mbaya. Kwenye simu mkaiacha hekima hiyo kwa ajili ya urahisi. Siku hizi zipo akaunti za vikundi ambazo hela haitoki mpaka wengine waidhinishe kwa namba zao za siri. Lisemeni hilo Jumamosi hiyo hiyo.

Wapo watakaokuita mwizi. Usibishane nao. Ulichukua hela yao, na katika hilo wana haki ya uchungu wao, hata kama na wewe uliibiwa. Wapo pia, nakuhakikishia kwa miaka niliyokaa na wanawake, watakaokufuata jioni mmoja mmoja kukwambia kwamba na wao waliweka kitu mahali.

Mume wako umwambie kabla ya Alhamisi, kabla ya mwenyekiti. Yuko safarini, kwa hiyo usimwambie kwa simu akiwa na usukani au akiwa na watu. Mngoje afike, ale, watoto walale. Mpe ile karatasi yenye 1,228,000 aishike mkononi. Yeye ndiye atakayeulizwa barabarani, na mwanaume anaweza kusamehe hasara kubwa kuliko kusamehe kuisikia kijiweni. Kama ana hasira za mkono, unajua wewe. Hapo mwambie mbele ya mtu mzima anayemheshimu, usimwambie peke yako. Na ukisikia jibu lake la kwanza ni baya, usilichukue kuwa la mwisho, maana wewe umekaa na jambo hili wiki kadhaa na yeye ana dakika tano.

Umeandika huwezi kula. Kula. Hata uji. Alhamisi unatakiwa uwe na sauti inayosikika.

Jumamosi nenda mapema, kaa mahali pako pa kila siku, daftari la hesabu liwe mapajani kwako mpaka mwenyekiti alipokee. Wafungulie ule ukurasa wenye laki sita, usingoje wautafute. Jioni, mkishatawanyika, niandikie unieleze wifi yako alipokea vipi simu ya usiku ule, na kama aliwahiwa kabla hajalipa.